Kuwamba Raketi

Watu wa pwani ya Afrika Mashariki wanalo neno moja kwa kazi mbili: akazaye ngozi juu ya mzinga wa ngoma huwamba, na apitishaye kamba katika mbao za kitanda huwamba pia. Raketi ya tenisi yastahili kuingia katika jamaa hiyo, maana nayo si kitu ila duara tupu lenye mpini mpaka iwambwe. Mfumaji wa nguo angeitambua kazi yake kwa kuitazama mara moja. Ziko nyuzi za mtande, zipitazo kwa urefu toka kichwani hata shingoni. Ziko na nyuzi za mshindio, zikatizazo kwa upana, zikipita juu ya uzi mmoja na chini ya wa pili. Ufumaji huo mdogo, ambao mtu aweza kuufanya mezani kwake nyumbani, uliwahi kuutikisa mchezo mzima na kuwalazimisha wakubwa wake kuandika sheria ambayo hawakuifikiria kwa muda wa miaka mia moja.

Meja Walter Wingfield alipopata hataza ya mchezo wake mjini London mwaka 1874, raketi zilikwisha kuwapo karne nyingi katika tenisi ya kale iliyochezwa ndani ya kuta. Uzi wake ulikuwa utumbo wa mnyama, uliosokotwa na kukaushwa, jinsi moja na upote wa uta na nyuzi za fidla. Mwaka 1875 Pierre Babolat, katika mji wa Lyon nchini Ufaransa, alianza kutengeneza nyuzi za utumbo kwa ajili ya mchezo huu mpya, na jina la nyumba yake lingali juu ya nyuzi na raketi hata leo.

Zamani kazi ilifanywa kwa mikono mitupu na msharasi. Mwambaji aliuvuta uzi kwa nguvu zake, kisha akauchomeka msharasi katika tundu ili uzi usirudi nyuma wakati avutapo wa pili. Kipimo cha mkazo kilikuwa katika mkono na sikio: aliupiga uzi kwa kidole akasikiliza mlio wake kama apimavyo mpiga zeze. Mashine ziliuondoa mashaka huo, na iliyo rahisi kuliko zote, ndiyo ipatikanayo sana katika nyumba za watu, haina umeme wala chemchemi. Ina fimbo ya chuma yenye uzito usogezwao juu yake. Fimbo ikishuka hata kulala sawa na ardhi, uzi umevutwa kwa kadiri iliyochaguliwa, aghalabu kilo 20 hadi 27.

Hata hivyo mashine haifumi. Mwenye kuwamba hukata uzi wa mita 12 hivi, hufunga fremu imara isipotoke, kisha huanza na mtande katikati na kwenda nje, akibadili pande, kuume na kushoto, kwa kuwa upande mmoja ukitangulia mno fremu hupinda na yaweza kuvunjika. Vibano hushika kila uzi uliokwisha vutwa. Mtande ukimalizika huja mshindio, na hapo ndipo subira hujulikana. Uzi mmoja ukipita juu mahali palipotakiwa chini, kosa huonekana baada ya safu mbili tatu, na hapana dawa ila kufumua. Mtu mgeni wa kazi hii hupoteza jioni nzima kwa raketi moja. Mzoefu huimaliza kabla chai yake haijapoa sana, au ndivyo apendavyo kusema.

Sasa litazamwe jambo la ajabu. Mashindano ya kwanza ya Wimbledon yalifanywa mwaka 1877, na tangu siku hizo sheria zilieleza uwanja, wavu, na ukubwa na uzito wa mpira. Juu ya raketi hazikusema neno. Yamkini watunga sheria waliona kwamba kila mtu anajua raketi ni nini, na ya kuwa hapana mtu mwenye akili atakayeiwamba kwa namna nyingine.

Mtu huyo alipatikana Bavaria, katika Ujerumani ya Magharibi. Werner Fischer hakuwa mtengenezaji wa raketi. Kazi yake ilikuwa ya bustani na mimea. Katika miaka ya 1970 aliwamba raketi ambayo haikufumwa. Alitandika mtande tabaka mbili, moja kila upande, na katikati yake akaweka nyuzi chache za mshindio zisizopenya po pote. Nyuzi za mtande alizivika mirija ya plastiki na kuzifunga pamoja, na kwa mirija hiyo raketi ikaitwa ya spageti. Mpira ulipogusa, tabaka zima la mtande liliteleza upande mmoja, kisha likarudi kwa ghafula likiuzungusha mpira kwa kasi ambayo macho ya wachezaji hayakuizoea. Mpira ulikwenda juu, ukatumbukia ndani ya mstari, ukaruka vibaya. Na kwa kuwa raketi haikutoa mlio wa kawaida, mshindani hakuweza hata kukisia ulipigwaje.

Mwezi wa Agosti 1977 mchezaji wa New York, Mike Fishbach, aliyekuwa mbali sana chini katika orodha ya ubora, aliingia viwanja vya Forest Hills na raketi ya namna hiyo. Alikuwa ameiona Ulaya mikononi mwa Barry Phillips-Moore wa Australia. Hakuinunua, alirudi nyumbani, yeye na ndugu yake wakaketi saa nyingi na nyuzi, mirija na utepe, wakaiunda upya kwa kukumbuka. Kwa chombo hicho alimshinda Stan Smith, bingwa wa Wimbledon wa mwaka 1972, kwa 6-0, 6-2. Raundi iliyofuata alishindwa na John Feaver wa Uingereza, jambo ambalo walioilaumu raketi hawakupenda kulikumbuka.

Mwisho wa Septemba Ilie Năstase alishindwa mjini Paris na Georges Goven aliyekuwa na spageti, akakasirika sana. Kisha yeye mwenyewe akaichukua kwenda nayo Aix-en-Provence. Huko, katika fainali, alimkuta Guillermo Vilas wa Argentina, ambaye alikuwa ameshinda michezo 46 mfululizo. Vilas alipoteza seti mbili, 6-1, 7-5, akakataa kuendelea. Mwezi huo huo wa Oktoba Shirikisho la Kimataifa la Tenisi lilipiga marufuku raketi hiyo kwa muda, na mwaka 1978 likaandika kwa mara ya kwanza raketi ni nini: uso wake uwe bapa, na nyuzi zake zikatizane, zikiwa zimefumwa kwa zamu au kuunganishwa mahali zikutanapo.

Yafaa kusoma maneno hayo kwa makini. Sheria haikukataza mpira kuzungushwa, wala haikumtaja Fischer, ililinda ufumaji. Juu, chini, juu, chini, desturi ya mwambaji ikawa amri. Wako walioona kwamba Fischer alidhulumiwa, maana hakuvunja sheria yo yote iliyokuwapo. Hoja hiyo ina nguvu, lakini wachezaji nao walikuwa na haki ya kuuliza kama mchezo walioujifunza tangu utoto ungali mchezo ule ule.

Swali lao halikufungwa na sheria. Mwaka 1997 Gustavo Kuerten wa Brazili, asiyetazamiwa na mtu, alitwaa ubingwa wa Ufaransa kwa raketi yenye nyuzi za poliesta za Luxilon, kampuni ya Ubelgiji. Nyuzi hizo ni ngumu na laini usoni. Picha za kamera za kasi zilizopigwa katika karne hii zimeonyesha siri yake: mpira ugusapo, mtande huteleza juu ya mshindio, kisha hurudi upesi na kuuzungusha mpira. Ni tendo la spageti, lililo dogo zaidi, ndani ya ufumaji halali.

Ila poliesta hulegea upesi kuliko utumbo, na ikilegea hairudi tena kama mwanzo. Mchezaji hodari huikata kabla haijakatika yenyewe, mara nyingi baada ya saa chache za mchezo, na gharama za fundi huwa nzito. Ndiyo sababu fimbo ile yenye uzito imeingia katika nyumba nyingi, na jioni watu wakaketi mezani, mkasi kando, wakihesabu juu na chini.