Seva ya mbele hutarajiwa kutekwa

Jioni ya tarehe 2 Novemba 1988, Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani, aliachia mtandaoni programu inayojinakili yenyewe. Ilipenya kupitia tundu la programu ya barua pepe, ikabahatisha nywila, ikahama kompyuta hadi kompyuta. Kati ya mashine 60,000 zilizokadiriwa kuwa kwenye intaneti, kama 6,000 ziliambukizwa. Zilikuwa zinaaminiana mno: aliyeingia moja alipata njia ya kwenda kwa jirani zake.

Huko New Jersey, Bill Cheswick wa Maabara ya Bell alilijenga upya lango la intaneti la kampuni ya AT&T, akaueleza mpango wake mwaka 1990. Aliweka kompyuta mbili: moja nje, ikikabili intaneti, nyingine ndani, ikilinda mtandao wa wafanyakazi. Alichukulia kwamba ya nje ipo siku itatekwa, ndiyo maana ya ndani haikuruhusiwa kuiamini.

Januari 1991 mvamizi alibisha hodi kupitia tundu lilelile la barua pepe, akitaka faili la nywila. Cheswick akamtumia la uongo. Baadaye yeye na wenzake walimtengea uwanja bandia, wakamchunguza kwa miezi kadhaa huku akidhani amefika. Alikuwa Uholanzi.

Tovuti zilipoenea, seva zilizopaswa kuonekana na kila mtu zikahitaji pa kukaa. Mafundi wakazitengea eneo la kati lililoitwa DMZ, jina la ukanda unaozitenga Korea mbili tangu 1953. Eneo hilo ni kama baraza: mgeni hupokelewa hapo, chumbani haingii. Faiwoli, yaani ukuta unaochuja mawasiliano, humruhusu kuifikia seva ya tovuti. Seva hiyo nayo huruhusiwa kuuliza hifadhidata iliyo ndani kupitia mlango mmoja tu, na si zaidi.

Ukuta wa nje peke yake hautoshi. Mwaka 2013 wezi waliingia kampuni ya maduka ya Target kwa nywila za mkandarasi wa majokofu, wakafika hadi kwenye mashine za malipo na kuiba taarifa za kadi milioni 40. Ripoti ya kamati ya Seneti ya Marekani ilisema inaelekea Target haikuzitenga ipasavyo sehemu zake nyeti. Mkandarasi alihitaji kufikia ankara zake. Njia ya kwenda kwenye kaunta za malipo haikumhusu.