Sokwe wa Kigoma Walivyoingia Kwenye Filamu ya Anga za Juu

Mwulize kijana yeyote wa mjini akutajie filamu ya sayansi ya kubuni, zile za maroketi na maroboti, ataanza na Marvel. Mtu mzima anayejua sinema atakutajia 2001: A Space Odyssey ya Stanley Kubrick, iliyotoka Aprili 1968 na ambayo hadi leo wengi wanaiweka kwenye orodha ya filamu kali kuwahi kutengenezwa. Na hapo ndipo Kigoma inapoingia, ingawa kwenye bango hawajaiandika.

Filamu ile haianzi na roketi. Inaanza na viumbe nusu nyani nusu mtu, wako jangwani, wanagombania kidimbwi cha maji. Mmoja anaokota mfupa, anaugeuzageuza, mara anashtuka kwamba kumbe mfupa ni silaha. Aliyecheza kiumbe huyo anaitwa Dan Richter, Mmarekani aliyekuwa akiishi London, fundi wa kuigiza kwa mwili bila kusema neno. Kazi yake haikuwa kucheza tu, alitakiwa pia kulifundisha kundi zima litembee, likae na kugombana kama wanyama kweli, si kama watu waliovaa manyoya. Basi jamaa akaenda bustani ya wanyama ya London kumkodolea macho gorila maarufu aliyeitwa Guy. Na akakaa kuangalia mikanda ya sokwe wa Gombe, wale wa Jane Goodall.

Yaani namna wale viumbe wanavyochuchumaa na kutishiana kwenye filamu ya Kubrick, sehemu yake ilisomwa kutoka kwenye milima inayotazama Ziwa Tanganyika, kama kilometa 16 kaskazini mwa Kigoma mjini.

Sasa swali la mdau: mikanda hiyo ilipigwa na kikosi cha watu wangapi? Nyuma ya kamera, mmoja.

Turudi 1960. Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni mwaka huo, mambo yakachafuka, na Wabelgiji wakavuka ziwa kwa wingi kukimbilia Kigoma. Mji ulijaa. Goodall, binti wa Kiingereza wa miaka 26, aliwasili katikati ya hekaheka hizo akiwa na mama yake, kwa sababu wakubwa wa serikali ya kikoloni hawakutaka mwanamke akae porini peke yake. Hema lao la kwanza walilipiga kwenye viwanja vya gereza la Kigoma, na kabla ya kuona sokwe hata mmoja walisaidia kutengeneza mikate ya nyama ya kopo kwa ajili ya wakimbizi. Tarehe 14 Julai ndipo boti ikawashusha Gombe.

Mama mtu naye hakukaa kizembe. Alifungua kizahanati ufukweni, akawa anawagawia dawa ndogondogo wavuvi na familia zao. Usitie shaka, hiyo ilifungua milango mingi kuliko barua yoyote ya serikali. Wavuvi wa dagaa walikuwepo pale kabla ya hao wageni wote, usiku na karabai zao ziwani, mchana dagaa wameanikwa kwenye mchanga.

Novemba 1960 Goodall akamwona sokwe dume aliyempa jina David Greybeard akichomeka kijiti kwenye kichuguu na kuvua mchwa. Ilikuwa bomu. Vitabu vya wakati ule vilisema binadamu ndiye peke yake anayetengeneza zana. Lakini ushahidi uko wapi? Ulikuwa kwenye daftari tu. Jarida la National Geographic la Marekani, lililokuwa linaanza kumfadhili, likataka picha. Goodall hakutaka mpigapicha mgeni awashtue sokwe waliokuwa ndiyo kwanza wanaanza kumzoea. Mwaka 1961 akaletwa mdogo wake ajaribu. Mvua ikawanyeshea, picha zikawa chache.

Agosti 1962 ndipo akaja Hugo van Lawick, Mholanzi wa miaka 25. Alikuwa na kamera ya mkanda wa milimita 16, na hakukuwa na mtu wa sauti, mtu wa taa wala msaidizi wa kuhamisha vyombo. Kama jua limezama nyuma ya mlima, kazi imekwisha. Mkanda ukishapigwa unasafirishwa hadi Marekani kusafishwa, kwa hiyo fundi anapiga leo na hajui kama amepata kitu hadi siku nyingi zipite. Wewe unayefuta video ya sekunde kumi na tano kwenye simu kwa sababu mkono ulitikisika, fikiria hilo.

Kilichomwokoa ni mti wa mchikichi. Kigoma na mawese ni kama chapati na chai, na pale kambini palikuwa na mchikichi wenye matunda yaliyoiva. David Greybeard akawa anakuja kula chikichi, siku moja akaona ndizi mezani akabeba. Wakamwekea nyingine. Akarudi, na wenzake wakafuata nyuma. Badala ya mpigapicha kuwafukuzia waigizaji milimani, waigizaji wakawa wanajileta, na malipo yao ni ndizi. Wataalamu baadaye walilalamika kwamba ndizi zilileta ugomvi na kubadilisha tabia za sokwe, na hapo wana hoja. Ila bila ndizi, mkanda ule usingekuwa na sura za karibu zilizoifanya dunia iwapende.

Tusidanganyane, hii haikuwa filamu huru kwa maana ya leo. Bili zililipwa Washington. Lakini uhuru wa kazi ulikuwepo, hakuna bosi aliyesimama nyuma ya kamera. Tarehe 22 Desemba 1965 televisheni ya CBS ikaonyesha Miss Goodall and the Wild Chimpanzees, msimulizi akiwa Orson Welles. Mwaka 1967 Kubrick akawa anapiga wale viumbe wake ndani ya studio Borehamwood, nje kidogo ya London. Lile jangwa ni picha zilizopigwa Namibia na kurushwa kwenye pazia kubwa nyuma ya waigizaji.

Ujanja wa namna hiyo haujafa. Mkenya Wanuri Kahiu alipotengeneza Pumzi mwaka 2009, filamu ya dakika kama 21 tu kuhusu dunia iliyoishiwa maji, alirudi kuchunguza filamu za miaka ya 1950 zilivyokuwa zikichora mandhari na kurusha picha nyuma ya mwigizaji. Januari 2010 Pumzi ikaonyeshwa kwenye tamasha la Sundance, Marekani.

Ukisema Gombe ilikuwa kazi ya mtu mmoja, hata hivyo, unamhesabu mshika kamera tu. Kulikuwa na mpishi. Kulikuwa na mtu wa boti aliyekwenda Kigoma kuchukua barua na vyakula na kurudi, na ziwa lile likichafuka halina utani. Kulikuwa na wenyeji walioijua milima na kumwonyesha mgeni njia. Goodall anawataja na kuwashukuru kwenye vitabu vyake. Ukitoka nje ya kurasa hizo, ukasimama stendi ya Kigoma au sokoni Ujiji ukauliza majina yao, utapata kimya.

Sokwe wenyewe wana majina. David Greybeard anajulikana hadi Japani. Flo, yule sokwe jike mzee, alipokufa mwaka 1972 aliandikiwa tanzia kwenye gazeti la Sunday Times la London. Soma tena hapo: tanzia, gazetini, kwa sokwe. Mpishi aliyewalisha watengenezaji wa filamu amebaki kuwa "mpishi".

Zaidi ya saa 100 za mikanda ya van Lawick zilikaa kwenye ghala la National Geographic hadi zilipofukuliwa mwaka 2014, na mwongozaji Brett Morgen akazitengenezea filamu ya Jane, iliyotoka 2017. Mikanda haikuwa na sauti, kwa hiyo kila kelele ya msitu unayoisikia humo iliongezwa baadaye. Van Lawick hakuiona. Alifariki Dar es Salaam mwaka 2002.

Na ule mwaka 1968 ulikuwa mzito. Aprili filamu ya Kubrick ikaingia kumbini. Mwaka huohuo Gombe ikatangazwa kuwa hifadhi ya taifa. Na mwaka huohuo ugonjwa wa mapafu ukapita milimani, David Greybeard akaacha kuja kambini, na hakuonekana tena.