Kupima kwa Hiari au kwa Amri: Magonjwa ya Zinaa na Sheria nchini Uganda

Kwetu Kyarumba, milimani mwa Rwenzori, wapo watu wanaopita kituo cha afya cha jirani na kushuka hadi Bwera au Kasese mjini kupima Virusi vya UKIMWI. Nauli inawauma, lakini huko hawajulikani. Hoja yangu ni kwamba hofu hiyo ina historia, na sheria zimechangia kuilea.

Mwaka 1908 Kanali Lambkin, daktari wa jeshi la Uingereza, aliripoti kwamba katika sehemu fulani za Uganda kaswende iliwapata hadi asilimia 80 ya watu. Miongoni mwa sababu alizotaja ni uhuru mpya wa wanawake. Mwaka 1913 Mulago ilianzishwa kwa ajili ya kutibu magonjwa hayo. Lakini mwaka 1956 daktari J.N.P. Davies alipinga makadirio ya Lambkin: wengi waliohesabiwa huenda walikuwa na buba, au kaswende isiyo ya zinaa ambayo hata watoto huambukizana. Aibu ilikuwa imekwisha kutangazwa.

Uingereza yenyewe ilikuwa imejaribu kulazimisha watu. Sheria yake ya 1864 iliruhusu wanawake walioshukiwa kuwa makahaba katika miji ya kijeshi kupimwa kwa nguvu. Wanaume waliowaendea hawakuguswa. Josephine Butler na wenzake waliipinga mpaka ikafutwa mwaka 1886.

Sisi tuliifuata njia hiyo baadaye. Mwaka 1977, enzi ya Amin, ilitungwa sheria iliyompa daktari uwezo wa kumtaka mtu anayeshukiwa kuwa na ugonjwa wa zinaa apimwe. Sheria ya UKIMWI ya 2014 ikaweka kifungo cha hadi miaka 10 kwa anayeambukiza kwa makusudi.

Wanaoiunga mkono husema inamlinda asiye na hatia. Nakubali kwamba ulinzi unahitajika. Hata hivyo, mwanamke ndiye hupimwa kwanza, akiwa mjamzito. Hivyo ndiye wa kwanza kujulikana na kulaumiwa. Tena, maambukizi yalipungua sana katika miaka ya 1990, kabla ya sheria hiyo, wakati serikali ilipozungumza waziwazi na TASO, iliyoanzishwa mwaka 1987, ikitoa ushauri nasaha.

Kwa hiyo naona kwamba sheria bora ni ile inayolinda siri ya mgonjwa. Siku mtu wa Kyarumba atakapopima Kyarumba, tutajua imefanya kazi.