Tezi iliyolala: historia ya kortizoni na vidonge vya mama mukubwa

Mimi nilisoma historia, siko munganga. Lakini mwaka uliopita historia ilinikuta nyumbani kwetu Bukavu, pembeni ya kitanda cha mama mukubwa.

Mama mukubwa ako na baridi yabisi, ile inayovimbisha viungo vya mikono mpaka mtu anashindwa kufunga kifungo cha shati. Alikuwa amekunywa prednizoloni zaidi ya mwaka. Uso ulijaa kama mwezi, na watu wa kanisa wakawa wanamsifu ati amenenepa vizuri. Muuzaji mmoja wa dawa mtaani akamuuzia vitamini D, akamwambia hiyo inatosha, inatuliza viungo bila kuvimbisha uso. Mama mukubwa akanipigia simu: «Mutoto yangu, ile dawa nimeiacha. Niko nakunywa vitamini tu.»

Nikamjibu: «Vizuri, mama.» Na lisanse yangu yote, nilijibu vizuri.

Kisha siku chache alianza kutapika, presha ikashuka, akaanguka kwenye mlango wa choo. Hospitalini walimpa kwa mshipa dawa ya jamii ile ile aliyokuwa ameiacha. Kesho yake alikuwa anaongea. Njo nikaanza kusoma.

Philip Hench alikuwa munganga wa Mayo Clinic kule Rochester, katika Minnesota, Marekani. Tangu 1929 alikuwa ameona jambo la ajabu: mgonjwa wa baridi yabisi akishikwa na manjano ya ini, maumivu ya viungo yanapungua. Kwa wanawake wenye mimba pia. Akawaza kwamba kuko kitu mwilini kinachotuliza. Mwenzake, mkemia Edward Kendall, alikuwa anachambua tezi mbili ndogo zinazokaa juu ya figo. Kampuni ya Merck ikafaulu kutengeneza kitu kimoja cha Kendall kutoka kwa nyongo ya ng'ombe, kazi ndefu kweli kweli, na tarehe 21 Septemba 1948 mwanamke wa miaka 29 alichomwa sindano ya kwanza. Alikuwa anatembea kwa shida sana. Wiki moja nyuma yake alitoka kwenda kununua vitu mjini. Mwaka 1950 Hench, Kendall na Tadeusz Reichstein wa Basel, Uswisi, walipewa Nobel.

Masimulizi mengi yanaishia hapo, kwenye makofi. Lakini wale waganga waliona mapema kwamba sindano zikisimama, ugonjwa unarudi. Waliona nyuso zinavimba, wengine akili zinachafuka. Na mwaka 1952 jarida la waganga wa Marekani, JAMA, lilichapisha habari ya mgonjwa aliyekuwa ametumia kortizoni, kisha akafa baada ya upasuaji. Tezi zake za juu ya figo zilikuwa zimenywea.

Maelezo yake ni haya. Kila siku tezi ndogo iliyo chini ya ubongo inatuma amri kwa zile za juu ya figo: tengenezeni. Mtu akikunywa dawa ya jamii ya kortizoni kwa majuma mengi, ubongo unaona damu iko na ya kutosha, amri zinasimama, tezi zinalala. Ukiacha dawa siku moja, ya nje haiko na ya ndani haiko. Kuamka kunaweza kuchukua miezi. Njo maana munganga anapunguza kidogo kidogo, na sehemu ya mwisho ya ngazi, karibu na miligramu 5 za prednizoloni, mara nyingi inashukwa polepole kupita ya juu. Na wasichana wenzetu wanaokunywa deksametazoni juu ya kunenepa, bila karatasi ya munganga: tezi haijui kama ulikuwa mgonjwa ao ulitaka mapaja.

Sasa vitamini D. Muuzaji hakudanganya yote, na hapo ndipo ubaya ulipo. Elmer McCollum aliipa jina 1922, wakati watu walikuwa wanatafuta dawa ya matege ya watoto. Inasaidia utumbo kuchukua kalsiamu. Prednizoloni inafanya kinyume: inapunguza kalsiamu inayoingia na kulegeza kazi ya kujenga mifupa. Kwa hiyo waganga wengi wanaandika zote mbili pamoja, vitamini D juu ya kulinda mfupa. Kuamsha tezi haiwezi. Katika miaka ya 1930 na 1940 kuna waganga walioijaribu kwa wagonjwa wa viungo, dozi kubwa sana. Kalsiamu ikapanda katika damu, figo zikaharibika. Tena kuko ugonjwa kama sarkoidosi, ambamo mwili wenyewe unaweza kuzidisha vitamini D yenye nguvu. Mtu wa namna hiyo anapimwa damu kwanza.

Mama mukubwa alianza tena kushuka, safari hii na karatasi ya munganga wake, imebandikwa pembeni ya kioo. Vitamini anakunywa asubuhi, pamoja na uji. Kwenye prednizoloni amefika kidonge kimoja cha miligramu 5 na nusu ya kingine. Kila jioni ananipigia simu, na mimi sijibu tena «vizuri» kabla ya kumuuliza amekunywa ngapi.