Usajili wa mwalimu hauishii kwa nambari ya TSC

Mwalimu yeyote nchini Kenya, awe wa shule ya umma au ya kibinafsi, sharti asajiliwe na Tume ya Kuajiri Walimu (TSC) kabla ya kushika chaki. Ndivyo isemavyo Sheria ya TSC ya mwaka 2012, ambayo pia iliipa tume uwezo wa kuwataka waliosajiliwa waendelee kujinoa kitaaluma.

Uwezo huo ulizua mvutano mnamo Septemba 2021, TSC ilipozindua mafunzo ya lazima katika taasisi nne, zikiwemo vyuo vikuu vya Kenyatta na Mount Kenya. Yaligawanywa katika moduli sita, kila moja ya miaka mitano, kwa ada ya Sh6,000 kwa mwaka. Kwa hesabu hiyo, mwalimu kijana angesoma miaka 30 na kutoa Sh180,000 mfukoni mwake. Lalamiko kuu, na lilikuwa na uzito, halikuwa kusoma bali kulipia agizo la mwajiri.

Kufutwa sajilini ni adhabu nyingine kabisa. Anayepatikana na hatia ya kumdhulumu mwanafunzi kingono huondolewa, jina lake huchapishwa katika gazeti rasmi la serikali, na hata shule ya kibinafsi hairuhusiwi kumwajiri.