Kakuma na Lodwar: bei inapopatanwa na mtu usiyemwona

Mkimbizi mwenye duka katika kambi ya Kakuma, Turkana, akitaka mzigo wa viatu kutoka Eastleigh, Nairobi, hapandi basi. Anapiga simu. Muuzaji wa jumla anamtumia picha kwa WhatsApp, naye anazivuta kwa vidole akitafuta mshono uliolegea, kisha anauliza, "Bei ya mwisho ngapi?" Muuzaji anasema bidhaa zimepanda. Anaombwa apunguze, anapunguza kidogo, anaombwa tena. Wakishapatana, pesa zinatumwa kwa M-Pesa na mzigo unapakiwa kuelekea Kitale, Lodwar, hadi Kakuma.

Kakuma, kupatana bei na mtu usiyemwona kulizaliwa na kibali cha kusafiri. Mkimbizi haruhusiwi kutoka kambini bila karatasi hiyo, hata kama mzigo wake uko Nairobi na pesa anazo.

Hapo awali, biashara ya Turkana ilikuwa ya macho na mikono. Mji wa Lodwar ulikua kando ya mto Turkwel miaka ya 1930, walipofika wenye maduka wachache, anayekumbukwa zaidi akiwa Shah Mohamed. Serikali ya kikoloni ilikuwa imelifunga eneo la Turkana: mgeni hakuingia bila ruhusa. Maduka yakiwa machache kiasi hicho, mfugaji aliyehitaji unga au tumbaku hakuwa na pengine pa kwenda kuulizia bei. Nguvu yake ilikuwa katika mifugo. Hadi leo, kwenye soko la mifugo, mnunuzi humshika mbuzi kiunoni kupima nyama na kumfungua kinywa aone meno, ndipo ataje bei. Mwenye mbuzi akiona haimfai, hurudi naye nyumbani.

Mwaka 1992 kambi ya Kakuma ilifunguliwa kwa ajili ya vijana waliokimbia vita vya Sudan, na soko jipya likaanza bila kupangwa na mtu. Wakimbizi walipewa nafaka na mafuta bila kuni za kutosha wala pesa za sabuni. Waturkana walikuwa na kuni na makaa. Kilichopatanwa kilikuwa debe la nafaka kwa mzigo wa kuni, na siku za mgao nafaka ilishuka bei kwa sababu kila mtu alikuwa nayo. Kufikia mwaka 2018 Shirika la Fedha la Kimataifa, IFC, lilihesabu biashara zaidi ya 2,000 Kakuma na kukadiria uchumi wake kuwa shilingi bilioni 6 kwa mwaka.

M-Pesa, iliyoanza mwaka 2007, ndiyo iliyowezesha mapatano ya mbali. Hata hivyo, wakimbizi wengi walitumia laini zilizosajiliwa kwa jina la rafiki Mkenya, kwa kuwa hawakuwa na vitambulisho vilivyokubaliwa. Tovuti za kuuza na kununua kama Jiji, iliyochukua biashara ya OLX nchini Kenya mwaka 2019, humshauri mnunuzi asilipe kabla ya kuiona bidhaa. Ni ushauri mwema, ila hauna msaada kwa aliyezuiwa kusafiri. Yeye hulipa kwanza, akitegemea ndugu au mtu wa kwao aliyeko Eastleigh amkagulie mzigo.

Kambini kwenyewe, mwaka 2015 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lilianzisha Bamba Chakula, pesa za chakula zilizoingia kwenye laini ya simu. Katika makazi ya wakimbizi ya Kalobeyei, karibu na Kakuma, kila mtu alipata shilingi 1,400 kwa mwezi. Lakini zilitumika tu katika maduka yaliyosajiliwa, na familia iliyoishiwa chakula katikati ya mwezi ilikopa hapo hapo. Wengine waliacha laini na namba ya siri kwa mwenye duka kama dhamana. Mama aliyefanya hivyo angewezaje kusema, "Punguza kidogo"?

Mwaka 2019 baadhi ya familia za Kalobeyei zilianza kupewa pesa za kutumia popote. Zingeweza sasa kuzunguka maduka na kulinganisha bei. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walikuta nyingi bado zinanunua kwa mwenye duka yule yule, kwa kuwa deni lake lilikuwa halijaisha.