Bahari ya Yasmin: Kutoka Awara hadi Vuta N'kuvute

Nimeifundisha riwaya ya Adam Shafi, Vuta N'kuvute, kwa miaka mingi hapa Morogoro Mjini, mbele ya vijana wa kidato cha tano na cha sita ambao wengi wao walikuwa hawajaiona bahari. Dirishani mwetu mlikuwa na milima ya Uluguru na ukungu wake wa asubuhi. Bahari tuliijua kwa kusimuliwa, na zaidi tuliijua kwa sinema. Ndiyo maana filamu iliyotokana na riwaya hiyo ilipotoka mwaka 2021, niliitazama kama mtu anayekwenda kukagua mali yake.

Lakini tuanze nyuma kidogo. Mapenzi ya kando ya bahari hayakuingia katika sinema yetu kwa mkono wa mtunzi Mswahili. Yalikuja kwa njia ya bahari yenyewe, kutoka Bombay. Mwaka 1951 Raj Kapoor alitoa Awara, akiiongoza na kuiigiza mwenyewe pamoja na Nargis. Kijana fukara na binti msomi wanapendana, na katika mandhari mojawapo wamo chomboni, usiku wa mbalamwezi, maji yakimeremeta. Filamu hiyo iliwateka Wazanzibari kwa namna ambayo wazee wa Unguja hawakuacha kuisimulia. Wengi hawakujua Kihindi, wala haikuwalazimu kukijua. Mwanahistoria Laura Fair, aliyezungumza na watazamaji wa zama hizo, ameonyesha jinsi filamu za Kihindi zilivyowapa watu wa visiwani nafasi ya kujadiliana kuhusu penzi la hiari na ndoa ya kupangiwa, jambo ambalo si rahisi kulizungumza waziwazi mbele ya wakubwa. Mtu akitoka Empire au Majestic, akitembea kidogo tu, aliikuta bahari ile ile ya Hindi. Raj na mpenzi wake walikuwa ng'ambo ya pili, mwendo wa kaskazi moja.

Sisi wa bara tulizipata filamu hizo pia. Katika miaka ya 1970, nikiwa kijana, nilizitazama hapa mjini kwa senti za kubana matumizi, na tulirudi nyumbani tukiziimba nyimbo zake kwa maneno tuliyojibunia.

Filamu za video za Dar es Salaam zilizoshamiri katika miaka ya 2000, zama za marehemu Steven Kanumba aliyefariki mwaka 2012, sitazikalia sana. Zina sifa yake, na zilikifikisha Kiswahili mbali kuliko vitabu vyetu vyote, ijapokuwa nyingi zilipewa majina ya Kiingereza kana kwamba penzi halina jina kwetu. Lakini bahari yake mara nyingi ni pazia la nyuma. Wapendanao hutembea ufukweni, hugombana ufukweni, hupatana hotelini. Bahari haifanyi kazi yoyote.

Kwa Adam Shafi bahari hufanya kazi. Kumbukeni kisa: Yasmin, msichana wa Kihindi wa Unguja mwenye umri wa miaka 15, anaozwa kwa Bwana Raza, mwanamume aliyemzidi umri mbali. Raza anamchukua kwenda Mombasa. Yasmin anamkimbia, anapanda chombo na kurudi Unguja peke yake. Mjomba wake anamkataa. Anapokewa Ng'ambo na Mwajuma, na huko ndiko anakokutana na Denge, kijana mpigania uhuru anayewindwa na Inspekta Wright.

Jina la riwaya lenyewe linastahili kutazamwa na washairi. Ni "vuta", kisha "nikuvute" iliyokatwa silabi, kama tukatavyo sisi tukisaka mizani. Kitenzi ni kimoja, mikono ni miwili. Na neno "bahari" nalo, tulilolipokea kutoka Kiarabu, kwetu wenye kutunga lina maana ya pili: aina ya shairi.

Filamu ya Amil Shivji haikulitupa jina hilo. Mwongozaji huyu ni mwana wa Profesa Issa Shivji, mzaliwa wa Kilosa, kwa hiyo Morogoro ina haki ya kujivuna kidogo. Ikhlas Gafur Vora ni Yasmin, Gudrun Columbus Mwanyika ni Denge, na Siti Amina, mwimbaji wa taarabu, ni Mwajuma. Ilionyeshwa Toronto mwaka 2021, na baadaye ikawa filamu ya pili ya Tanzania kuwasilishwa kuwania Oscar, baada ya Maangamizi. Kiunguja kinasikika mle kwa lafudhi yake, na taarabu inasema yale ambayo wapendanao hawathubutu kuyatamka. Katika hilo Shivji ameshika njia ya mafundi wa fumbo.

Nina neno moja naye. Katika filamu, Denge na Yasmin wanakutana usiku, binti akiwa njiani kwenda kuolewa. Katika riwaya, wanapokutana Yasmin amekwisha olewa, amekwisha vuka bahari na kurudi. Najua filamu ya dakika 92 haiwezi kubeba kila safari. Lakini tofauti ni kubwa. Yasmin wa kitabu hakuokolewa na penzi. Alijiokoa kwanza, akiwa peke yake chomboni, na alipofika kwa Denge alikuwa mtu mwenye uamuzi wake. Uvukaji ule ndio uliomfanya apende kwa hiari, na mimi siwezi kuuona kama tukio dogo la kupunguzwa.

Darasani, ukurasa uliowachoma zaidi wanafunzi wangu ulikuwa ule wa mjomba. Kwa Waluguru ukoo hufuata upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye sauti juu ya mtoto. Binti mmoja kutoka milimani aliinua mkono akasema, "Mwalimu, kwetu mjomba ndiye wa kukimbilia. Akikufukuza yeye, unakwenda wapi?" Darasa lilinyamaza. Sikuwa na jibu la mtihani.

Mwaka juzi binti huyo, ambaye sasa ni mwalimu, alinipigia simu usiku. Alikuwa ameitazama filamu. Aliisifu picha, aliisifu taarabu, akacheka kidogo. Kisha akasema, "Lakini mimi, Mwalimu, muda wote nilikuwa nakingoja kile chombo cha kutoka Mombasa."